Siku Simu Zote Zilipolia Kilioni

Mimi na aibu tunajuana. Nimewahi kuteleza kwenye matope mbele ya kanisa zima siku ya Pasaka nikiwa na gauni jeupe, nimewahi kumwita profesa wangu "baba" mbele ya darasa (naye akaitikia, na hapo ndipo paliponiuma zaidi), lakini hizo ni aibu ambazo mtu anazisimulia watu wacheke na mwenyewe anacheka nao. Hii ya Masisi sijawahi kuisimulia yote. Huwa naanza vizuri, nafika pale simu zinapoanza kulia, watu wanacheka kidogo, kisha nanyamaza na kusema chai imepoa. Leo nitajaribu kufika mwisho, na mkitaka kucheka chekeni tu, pale katikati panachekesha kweli.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya kidijitali, jina refu ambalo mama yangu mpaka leo analifupisha kuwa "Neema anasomea simu". Tulikuwa kikundi kidogo cha vijana tuliomaliza chuo na kukosa kazi, tukafundishwa jinsi ya kutumia simu na kompyuta kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali, jinsi ya kumuuliza mtu swali bila kumtilia jibu mdomoni, jinsi ya kuficha majina ya watu, na mwishoni kila mmoja alitakiwa abuni kitu chake, akakijaribu mahali penye shida ya kweli, kisha arudi kukitetea mbele ya maprofesa. Wenzangu wenye akili walichagua mitaa ya Goma, penye lami. Mimi nilifikiri (mimi nafikiri sana kila kitu, hata kununua ndala kunanimaliza), nikafikiri mpaka sehemu zote nzuri zikachukuliwa, nikabaki na milima ya Masisi, ambako barabara ilikuwa leo ya hawa na kesho ya wale, na watu walikuwa wanalala na vyombo vimefungwa tayari kwa kukimbia.

Kitu changu kilikuwa chepesi kueleza. Kompyuta moja, iliyokuwa imelazwa mjini mahali ambapo umeme haukatiki, ingewapigia simu akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga, na sauti iliyorekodiwa ingewakumbusha siku ya chanjo au ya kupima mimba. Sauti, si maandishi, kwa sababu wengi wao hawakusoma. Mwanzoni nilitumia sauti yangu mwenyewe. Nilisema maneno yote sawasawa, kwa Kiswahili cha kitabuni, nikajisikia fahari, na kila mama aliyepokea alikata kabla sijamaliza kumsalimia, maana walidhani ni yale matangazo ya bahati nasibu.

Aliyeniokoa ni Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa muuguzi wa kituo cha afya pale kijijini, na mimi nilikuwa nimepanga chumba nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa familia ya wafugaji, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo kama ya mtu aliyetoka kucheka, na ng'ombe waliobaki wa baba yake aliwajua kwa majina kama alivyowajua watoto wote aliowapokea kwa mikono yake. Mumewe, Papa Kambale, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Alikuwa anapeleka maharagwe na jibini za Masisi mpaka Walikale, akishuka hadi Hombo, na kurudi na mawese. Miezi mingi ya mwaka alikuwa njiani, na nyumba ilimjua zaidi kwa simu yake ya jioni kuliko kwa viatu vyake.

Nilipomchezea Mama Riziki ujumbe wangu alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Mutoto wangu, iyi sauti iko sawa na ya muntu anatangaza vita." Nikamwomba aseme yeye. Tukaingia stoo ya maharagwe ya mumewe, kwa sababu magunia yanameza mwangwi (hilo nililisoma mahali, na lilikuwa kweli), tukafunga mlango, nikamshikia kinasa sauti, naye akasema bila karatasi, mara moja tu, kama anayemwita jirani ng'ambo ya ua:

"Allô mama ya mutoto, ni miye Riziki, usikate. Weka sauti inje, bwana naye asikie, asiseme uko unaongea na mwanaume ingine. Kesho ni siku ya chanjo. Mvua ikinyesha, umufunike mutoto, ukuje. Kama hauna nguo ya kutoka nayo, ukuje na ile ile, miye pia niko na moja. Niko nakungoja ku mulango."

Hiyo "weka sauti inje" haikuwa utani tu. Waume wengi wa pale walichukia mke kupigiwa na namba wasiyoijua, na wengine walikuwa wameshavunja simu kwa sababu hiyo. Basi Mama Riziki aliwafundisha akina mama, mmoja mmoja, kituoni: simu ikilia na namba ni hii, pokea, bonyeza hapa, sauti itoke nje, nyumba nzima isikie. Baada ya muda vidole vyao vilibonyeza vyenyewe. Ilikuwa namba ya simu ikionekana tu, hata mama akiwa anamenya viazi, anapokea, anabonyeza, anaweka simu chini, na sauti ya Mama Riziki inajaa jikoni. Wakwe waliipenda. Watoto waliikariri wakawa wanaiigiza barabarani. Na akina mama walikuja siku ya chanjo, kwenye mvua, na nguo ile ile.

Mtu mmoja tu hakuisikia. Papa Kambale aliondoka kwenda Hombo wiki ileile tuliyorekodi, na alipoambiwa kwenye simu kwamba mkewe sasa anasikika katika kila nyumba alitaka achezewe palepale, lakini Mama Riziki alikataa. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mchele. Alimwambia, "Bwana za wengine wanasikia sababu wako kwao. Rudi, na weye usikie." Akakata, akanigeukia, akaniambia kwamba siku Kambale akirudi nimsikilizishe kwenye simu inayolia kabisa, si kwenye kompyuta, ili ashtuke. Nikaahidi. Ilikuwa ahadi ndogo mno, hata sikuifikiria mara mbili, mimi ninayefikiria kila kitu mara kumi.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo lilikuwa kisanduku kimoja cha kutia alama. Mfumo ulipangwa hivi: mama asipopokea, kompyuta inajaribu tena mara chache, kisha inakata tamaa. Mimi nilikuwa naogopa mapengo. Msimamizi wangu wa chuo, profesa mpole mwenye kalamu nyekundu, aliwahi kuniambia kwamba utafiti wenye mapengo ni kama meno ya mzee, na maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nikakuta chini kabisa ya ukurasa kisanduku kinachosema irudie mpaka ujumbe usikilizwe hadi mwisho. Nikatia alama. Yaani niliikataza mashine kukata tamaa.

Halafu vita vikasogea. Hatukukimbia safari hiyo, risasi zilikuwa mlima wa pili, lakini waliokuja usiku walichukua mafuta ya jenereta ya mnara wa simu, na rezo, yaani mtandao, ikafa. Hakuna aliyempigia mtu. Simu zikawa tochi. Kule mjini, kompyuta yangu haikujua habari za vita, ikaendelea kupiga kila siku ya chanjo na kila siku ya mimba, ikikosa, ikiweka foleni, ikingoja.

Na katika siku hizo za bila rezo Mama Riziki akafa. Tumbo lilimshika, na ugonjwa ule ungetibika hospitalini, yeye mwenyewe alituambia hivyo, alitutajia hata jina lake na dawa yake kwa sauti ya kawaida kama anayemfundisha mwanafunzi. Lakini barabara ilikuwa imefungwa na wenye machela walirudishwa njiani. Alizikwa kesho yake, kwa haraka, kwa sababu hakuna aliyejua kama kesho kutwa tutakuwa pale. Papa Kambale hakuwepo. Hatukuwa na namna ya kumpigia. Tuliwapa ujumbe vijana wa pikipiki, wakawapa wengine, na habari ikaenda hivyo, mdomo kwa mdomo, kuelekea Walikale.

Kilio kikakaa kikimngoja. Pale kwetu watu hukaa nyumbani kwa marehemu, wanakuja na kuni, maharagwe na maziwa, wanalala pale, mpaka siku ya kuvunja kilio, na wote walikubaliana kwamba kilio hakitavunjwa kabla mwenye mke hajafika. Hatimaye mtu mmoja akaleta habari kwamba Papa Kambale ameonekana Nyabiondo, pikipiki zimekataa kuendelea, anakuja kwa miguu, atafika siku hiyo. Kwa hiyo siku hiyo uani palijaa. Akina mama wote wa kituo walikuwepo, wamekaa mikekani na watoto mgongoni, na kila mmoja ana simu yake kifuani au kwenye fundo la kitenge, imechajiwa kwenye sola ya kituo, kwa sababu kila siku kulikuwa na tetesi kwamba rezo inarudi.

Mtaniuliza kama sikufikiria. Nilifikiria, ndiyo maana inaniuma. Nilikuwa nimekaa karibu na moto nikifikiria kwamba rezo ikirudi foleni itafunguka, na kwamba nilipaswa kuuzima mfumo, na kwamba siwezi kuuzima bila rezo, na kwamba labda ningeshuka kwa miguu mpaka penye rezo, lakini barabara imefungwa, na hata ningefika je, kuusimamisha utafiti katikati kunahitaji barua kwa kamati ya maadili, na barua hiyo niiandike vipi, nianze na "kwa masikitiko" au nianze na namba ya utafiti? Nilikuwa bado nachagua maneno ya kuanzia barua wakati mzee mmoja kwenye benchi la wanaume aliinua simu yake na kusema, kwa sauti ya mtu anayeona mvua, "Rezo iko."

Ua mzima ukanong'ona. Mtu akasema wampigie Kambale wajue yuko wapi. Katekista, aliyekuwa katikati ya rozari, aliinua sauti kidogo ili aturudishe kwenye sala.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Zawadi, rafiki mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi mkali na mapacha. Ililia ndani ya kitenge chake. Akaitoa, na nilimwona akitazama ile namba, nikamwona uso wake haujaelewa bado, lakini kidole kilikuwa kimeshaelewa, kikapokea, kikabonyeza, sauti ikatoka nje.

"Allô mama ya mutoto, ni miye Riziki, usikate."

Mama Zawadi aliitupa simu kama kaa la moto. Iliangukia mkekani, uso juu, ikaendelea kuongea, na kabla mtu hajapata pumzi ikalia ya pili, ya tatu, zikalia zote, kwenye vitenge, kwenye vikapu, chini ya watoto, na vile vidole tulivyovifundisha vikapokea kila moja na kuweka sauti nje, na Mama Riziki akaanza kuongea ua mzima, hapa anasalimia, pale ameshafika kwenye chanjo, kule anasema ana nguo moja, sauti zikipishana kama kwaya isiyo na mwalimu. Na kila aliyefika mwisho alisema niko nakungoja ku mulango. Niko nakungoja ku mulango. Hilo ndilo lililowatoa watu mbio. Katekista aliangusha rozari akaruka benchi (mtu mnene, sikujua anaweza). Mwanamke mmoja alikimbia akasahau kiatu, akarudi kukichukua, akakimbia tena. Bibi mmoja asiyeona vizuri hakukimbia kabisa, yeye aliitikia, akasema karibu Riziki mutoto wangu, tulisema umekufa, ingia.

Hapo ndipo huwa wanacheka. Nami nawaelewa.

Walioshtuka na kukata, mashine iliona kwamba hawakusikiliza hadi mwisho, ikawapigia tena. Kadiri walivyokata ndivyo ilivyowapigia. Nikasimama kueleza. Sijui kwa nini, katika siku zote, nilichagua siku hiyo kuongea kama kitabu. Nikasema ndugu zangu msiogope, huu ni mfumo wa kujiendesha, ujumbe ulikuwa kwenye foleni. Hakuna aliyetaka kujua foleni. Mzee wa benchi alisema polepole, na wote wakamsikia, kwamba huyu msichana amechukua sauti ya mtu akaifungia mahali, na mwenye sauti amekufa, na sauti bado anaifanyisha kazi. Akatema mate pembeni. Mama Zawadi alinijia, akanishika kifundo cha mkono, machozi yanamtoka lakini sauti ni kavu.

"Neema. Zima. Kama uko na roho, zima."

Nikatoa simu yangu. Nenosiri nikalikosea, nikalikosea tena, huku nyuma yangu marehemu anakaribisha watu mlangoni. Ukurasa ukafunguka nusu, rezo ilikuwa nyembamba. Kuusimamisha mfumo kulihitaji kuingia ratiba moja baada ya nyingine na kufungua kila orodha ya akina mama. Lakini juu kabisa palikuwa na rekodi yenyewe, jina lake "Riziki", na pembeni yake alama nyekundu ya kufuta. Bila rekodi, mashine haina cha kusema. Nikabonyeza. Ikaniuliza: una hakika? Ikaongeza kwamba kikifutwa hakirudi.

Mimi ambaye sina hakika hata na jina la mtaa wangu, mimi ninayerudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango niliorudi kuangalia, nilibonyeza ndiyo. Bila kufikiri. Ni kitu pekee maishani mwangu nilichofanya bila kufikiri.

Simu zikakatika sauti moja baada ya nyingine. Wakabaki kusikika ng'ombe tu. Na nisiwafiche, kwa kitambo kidogo nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu anayejua kuamua. Watu wakaanza kurudi, wakakaa, mwingine akacheka kwa woga, mwingine akalia upya, na Mama Zawadi aliiokota simu yake mkekani, akaifuta na kitenge, akaiweka sikioni. Akasikiliza hewa. Akasema, si kwangu, kwa mtu yeyote, "Alikuwa hajamaliza."

Wakati huohuo Papa Kambale akaingia uani.

Alikuwa na matope mpaka magotini na bidoni, dumu la mawese, begani, aliibeba toka Walikale njia yote ile. Nilitegemea ataingia kama waingiavyo watu kilioni, kwa kuanguka na kulia. Hakulia. Alikuwa anahema kwa kukimbia, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikukielewa haraka, kisha nikakielewa, na tangu hapo sijaacha kukiona. Kilikuwa tumaini. Chini kwenye kona ya njia alikutana na wale waliokimbia, na walimwambia Riziki anaongea. Aliweka bidoni chini. Akanitazama, kwa sababu yeye alijua ni mimi.

"Wananiambia iko anaongea ku simu," akasema. "Nimekuja. Unisikilizishe."

Niliitazama simu yangu mkononi.

"Alisema nirudi nisikie. Sasa nimerudi." Akanyoosha mkono, kiganja wazi, kina tope. "Weka sauti inje, Neema. Ata mara moja tu."

Nikamwambia. Nilitaka kumwambia kwa namna isiyoumiza, nikatafuta namna hiyo, na nilipoikosa nikasema tu kwamba nimeifuta, sasa hivi, wewe ukiwa unapanda mlima. Akauliza kama iko sehemu nyingine. Haikuwepo. Kamati ya maadili ilitutaka tufute nakala zote za kwenye simu na kompyuta zetu baada ya kupandisha rekodi, ili sauti za watu zisije zikazagaa, na wanafunzi wengi hawakujali, lakini mimi, kwa woga wangu, nilitii mpaka nukta ya mwisho. Akauliza tena, kama mtu ambaye hakusikia mara ya kwanza. Nikatikisa kichwa.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikaa pale chini, juu ya bidoni ya mawese, akauliza watu, "Alikuwa anasema nini?"

Na akina mama wakaanza kumwambia. Wote walijua kwa moyo, waliusikia ujumbe ule mara nyingi mno. Mmoja akaanza, mwingine akamsahihisha, mpaka Mama Zawadi aliposema waache, akasogea mbele yake, akapiga magoti, akasema yote, toka allô mpaka mlangoni, kwa ule mkwaruzo na kile kicheko kinachotaka kutoka, na alimpata vizuri sana, hata bibi yule asiyeona aligeuza kichwa. Papa Kambale alisikiliza ameinama. Ilipofika kwenye bwana naye asikie, mabega yake yalishuka. Zawadi alipomaliza, Papa Kambale alimshika mikono yote miwili.

"Asante, Zawadi," akasema. "Lakini iyo ni sauti yako."

Kilio kilivunjwa jioni hiyo. Niliendelea kukaa pale kijijini mpaka barabara ilipofunguliwa, na hakuna aliyenifukuza, waliniletea hata maziwa asubuhi, lakini watoto waliacha kuigiza ule ujumbe barabarani, na mimi nilijua wamekatazwa kwa sababu yangu. Niliwaandikia wenye ile kompyuta ya mjini, wakanijibu kwa adabu kwamba kilichofutwa kimefutwa. Niliandika kwa kamati ya maadili kueleza kila kitu, barua ndefu mno, na wakanipongeza kwa kulinda taarifa za mshiriki aliyefariki.

Hata siku ya kutetea utafiti haikunihurumia. Niliuonyesha mchoro wa simu zilizopokelewa, mstari unaokwenda chini chini kwa miezi, simu chache kila siku, kisha sifuri wakati wa vita, kisha mlima mmoja mkali unaopanda hadi juu na kukatika ghafla. Profesa mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka, akasema hapa ndipo penye mafanikio, kwamba karibu kila mama alipokea, mwanafunzi atueleze siku hii alifanya nini tofauti. Msimamizi wangu alikuwa anajua, akatazama kalamu yake. Mimi nilisimama na kile kijiti cha kuonyeshea, nikasema ilikuwa siku yenye rezo. Wakaandika. Nikafaulu.

Papa Kambale bado anapita njia ileile. Akifika Hombo, penye rezo nzuri, ananipigia, ananisalimia, ananiambia barabara ikoje na mvua ikoje, kisha anauliza, "Bado?"

"Bado, Papa," nasema.

"Bien, muzuri. Endelea kutafuta tu."

Hakuna pa kutafuta. Nafikiri naye anajua, ila hakuna kati yetu aliye tayari kubonyeza ndiyo. Kazi yangu sasa ni hizohizo simu, na kila siku mashine fulani inaniuliza kama nina hakika. Wenzangu wananicheka, maana ninaacha kila kitu, nainuka, natoka mpaka barazani, natazama barabara upande wote wa juu na upande wote wa chini, kama kuna mtu ambaye bado anakuja.